Taya la Madame Sapin

Simu yangu ndiyo iliyoanza kunikataa. Nilikuwa nimezoea kuiinua mbele ya uso ikafunguka yenyewe. Asubuhi moja, majani yakiwa yameanza kupukutika, ikatikisika mkononi na kuniomba namba ya siri, kama mtu anayechungulia kwenye upenyo wa mlango akauliza wewe ni nani. Nikafuta kioo chake kwa kanga. Nikawasha taa ya jikoni, nikasogea dirishani kwenye mwanga. Ikakataa. Nikaingiza namba, nikaisajili sura yangu upya, nikaenda kazini. Kabla baridi haijaisha ikanikataa tena.

Kama na wewe kuna kitu kinakubadilisha polepole, kiasi kwamba hata wanaolala nyumba moja na wewe hawakioni, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Habari za homoni sitakueleza. Daktari wako atakueleza, na atakuchorea na picha. Nitakueleza yaliyotokea nyumbani kwetu.

Mimi ni Salome, mzaliwa wa Kigoma. Naishi Laurel, Maryland, kwenye ghorofa za kupanga karibu na reli, pamoja na mume wangu Fidèle na binti yetu Josiane, ambaye tunamwita Jo. Fidèle ni mtu wa Lubumbashi. Anafanya kazi kwenye ghala la mizigo upande wa Baltimore, lakini ukimuuliza kazi yake atakwambia ni mchoraji. Kwao alikuwa akichora katuni gazetini. Hapa alizichora Jumamosi kwenye meza ya jikoni, kwa Kifaransa, na kuziweka kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, unaosomwa na Wakongo wa Maryland, wa Ubelgiji na wa huko nyumbani.

Katuni zake zilikuwa za kuchekesha, ila kicheko chenyewe kilikuwa cha msibani. Mhusika wake alikuwa mwanamke muuza majeneza aitwaye Madame Sapin. Sapin ni mti ambao Wafaransa hutengenezea majeneza ya bei rahisi. Wakisema mahali pananuka sapin, wana maana kuna mtu hapo hana siku nyingi. Madame Sapin alikuwa akizunguka mitaani na utepe wa kupimia shingoni, akiwapima watu wakiwa bado hai. Kwenye katuni moja mgonjwa anamwomba amtobolee jeneza dirisha, kwa sababu anaogopa giza. "Sawa," Madame Sapin anamjibu, "lakini nitaweka na pazia. Majirani wa huko chini wanapenda kuchungulia."

Mimi Kifaransa nilijifunzia kwenye katuni hizo. Kabla sijajua kuomba mkate dukani nilishajua kusema kaburi, mjane na rambirambi. Na tangu mwanzo kila mtu alijua kwamba Madame Sapin ni mimi. Kilemba chake kilikuwa changu, na kusimama kwake na mkono mmoja kiunoni kulikuwa kwangu. Wanawake wa Kikongo kanisani walikuwa wakiniona tu wananiambia, "Madame Sapin, leo usinipime, nimevaa viatu virefu." Nilifurahi. Si kila mke anachorwa kila wiki.

Kwanza ilikuwa mikono. Glavu za baridi ya mwaka uliopita hazikuingia. Viatu vya kazi nikanunua namba kubwa zaidi, halafu kubwa kuliko hiyo, mpaka nikaishia upande wa wanaume. Nikasema ni unene, ni umri, ni chakula cha nchi hii. Jasho likawa linanitoka hata nikiwa nimekaa. Pua ikapanuka, ngozi ya paji la uso ikawa nene, ulimi ukawa umejaa mdomoni kama kitu nilichosahau kukimeza. Sauti ikashuka. Ilishuka taratibu, na kila nilipoizoea ikashuka tena.

Wakati huo nilikuwa mapokezi katika hoteli moja Arlington, ng'ambo ya mto. Wageni walikuwa wakikaribia meza wakitabasamu, halafu kwenye hatua za mwisho tabasamu linapungua. Meneja wangu, mtu mpole, aliniita akasema angependa nikae ofisi ya nyuma nipokee simu za kuweka nafasi. Hakusema sababu, na mimi sikuuliza. Nikakaa nyuma. Watu wakipiga simu, nikishawahudumia, walikuwa wakiniambia, "Asante, bwana." Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha. Baadaye nikawaachia bwana wao.

Mama yangu Kigoma nilimwambia kamera ya simu imeharibika. Tukawa tunaongea bila kuonana, na kila mara nilisingizia mafua.

Asubuhi moja nikipiga mswaki niliona mwanya kati ya meno yangu ya chini. Unaweza kupitisha ukucha. Nikausogelea kwenye kioo; mwanya ule nilikuwa nimeshauona. Nilienda kwenye ukurasa wa Fidèle. Madame Sapin alikuwa nao, mahali palepale, tangu katuni za kiangazi. Yeye aliupata kabla yangu. Sikutaka kutazama nyuma zaidi. Nikaifunga simu, nikasukutua, nikatoka.

Jo naye alibadilika. Alikuwa na miaka kumi, anaelewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Nilikuwa nikienda kumchukua shuleni, akaanza kuniomba niegeshe gari mbali, pale kwenye kona baada ya uzio.

"Kwa nini kule?" nikamuuliza.

"Kule kuna nafasi," akasema, huku akitazama nje.

Nafasi ilikuwepo tele pale mlangoni. Nikawa naegesha kwenye kona.

Kisha ikaja Jumapili moja. Tulikuwa tumetoka kanisani, nimekula, usingizi ukanichukua kwenye kochi mchana kweupe. Siku hizo nilikuwa nalala popote na naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nilipofumbua macho Fidèle alikuwa amekaa kwenye kiti mbele yangu, karibu sana, na ubao wake wa kuchorea magotini. Hakuniangalia kama mtu anayemwangalia mkewe. Macho yake yalikuwa yanapanda na kushuka, kutoka kwangu kwenda kwenye karatasi, na mkono ulikuwa unakwenda mbio.

Nikainuka, nikauchukua ule ubao. Alikuwa amechora jeneza lililo wazi, na ndani yake Madame Sapin amelala, mdomo wazi, ulimi umejaa, mikono mikubwa imepangwa kifuani. Hapakuwa na maneno. Katuni zote za Fidèle zina maneno.

"Ni nini hiki?"

"Haukuwe unapumua," akasema.

"Umechora maiti yangu."

"Unapumua, kisha unaacha. Mi nangojea. Nangojea. Unaanza tena. Sikuwe najua mikono yangu niipeleke wapi."

"Ungeniamsha."

Akafunika kalamu yake. "Niliogopa hautaamuka."

Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika katika ndoa yetu. Nikamwambia asithubutu kuiweka mtandaoni, na kwamba nimechoka kuwa kichekesho cha watu wa Brussels. Hakuiweka, lakini na kuichana hakuichana. Kwa majuma kadhaa tukawa tunaongea kupitia kwa Jo: mwambie baba yako chakula tayari, mwambie mama yako nimelipa umeme. Mtoto akawa mkalimani wa watu wawili wanaosikiana vizuri kabisa.

Kilichonipeleka hospitali hakikuwa uso. Siku moja nilimwona Jo kwenye ile kona akiwa mbele yangu, nikapunguza mwendo, nikageuza usukani kuegesha. Akatoweka. Sikumwona akiondoka, alikuwepo, halafu pale alipokuwa hapakuwa na kitu, si giza, si ukungu, ni kama ukurasa ulioishia hapo. Nikasikia kishindo kidogo ubavuni mwa gari, na sauti ya Jo ikiita jina langu. Si mama. Alisema, "Salome."

Nilikuwa nimelikwaruza begi lake. Yeye mwenyewe hakuguswa. Alikuwa amesimama hatua moja tu kando ya nilipokuwa nikimtazama, na mimi sikuwa nikimwona. Nilimkumbatia pale barabarani, wanafunzi wenzake wakitutazama, naye hakuniambia nisogee. Tuliliacha gari palepale, tukarudi nyumbani kwa miguu. Tulipofika nilimwambia Fidèle mwenyewe, bila mkalimani.

Kliniki ya macho ilikuwa kwenye yale majengo ya maduka, katikati ya dobi na mahali pa kuuza mikate. Waliniingiza uso kwenye mashine kama bakuli jeupe, wakanipa kitufe mkononi: nikiona nukta ya mwanga nibonyeze. Nilibonyeza mara kadhaa. Baadaye mashine ikawa inalia taratibu ndani ya lile bakuli, tik, tik, lakini mwanga hakuna. Nikasubiri. Nikamwambia dada aliyekuwa akinihudumia kwamba labda taa zimeungua.

"Zinawaka, mama," akasema kwa upole. "Endelea tu kutazama katikati."

Wakati wa kunipa majibu aliweka karatasi mbili mezani, moja kwa kila jicho. Pande za nje zilikuwa nyeusi. Nilikuwa nikiishi kwenye ukanda wa katikati, na sijui kwa muda gani. Ndiyo maana watu walikuwa wakinitokea ghafla ubavuni. Ndiyo maana kila wakati nilihisi kuna mtu ndani ya chumba.

Wakanipeleka kwenye ile mashine ya kulala ndani ya bomba. Wakaona uvimbe chini ya ubongo, nyuma ya pua, saizi ya zabibu, unakandamiza mishipa ya macho na kuuamuru mwili ukue. Daktari aliyenieleza alinihakikishia mara mbili kwamba haukuwa saratani. Mara zote mbili niliitikia kwa kichwa kama ninayeelewa, kumbe nilikuwa nikitazama mikono yangu. Kwa hiyo kulikuwa na kitu ndani kilichokuwa kikinitengeneza upya, na hakikuwa na haraka.

Daktari wa homoni alikuwa Washington. Mzungu mwembamba, mama wa makamo, anaongea taratibu. Chumba chake cha kungojea ndicho nilichokuja kukijua kuliko sebule ya mtu yeyote: zulia la kijani, mmea wa plastiki, na watu wawili watatu ambao, ukiwatazama kwa kuibia, wana mikono kama yako. Mara ya kwanza kuwaona nilitaka kukimbia. Ilikuwa kama kuingia chumba kilichojaa vioo. Mwanamume mmoja alinitazama, akatazama viatu vyangu, akanipa ishara ndogo ya kichwa kama watu wa kabila moja wanaokutana ugenini.

Daktari alitaka picha zangu za zamani. Alihitaji kujua mabadiliko yameanza lini. Sikuwa nazo. Nilikuwa nimepoteza simu moja na picha zake zote, na tangu nipate hii mpya nilikuwa nakwepa kamera bila kujiuliza kwa nini. Siku zote ni mimi niliyejitolea kuwapiga picha wenzangu.

"Mi niko nazo," Fidèle akasema.

Tuliporudi safari iliyofuata alibeba sanduku la karatasi. Michoro yote ya Madame Sapin, ile halisi ya wino, tangu tulipofika Marekani. Daktari akaanza kuipanga mezani. Meza ikajaa. Akavua viatu, akapiga magoti, akaipanga sakafuni, ukutani mpaka ukutani, wa zamani upande wa mlango, wa karibuni upande wa dirisha. Mimi nikasimama katikati, naogopa kukanyaga. Kila mmoja peke yake ulikuwa kichekesho. Kwa pamoja ilikuwa kitu kingine. Uso ulikuwa ukitembea sakafuni, taya likitoka nje kidogo kidogo, nyusi zikishuka juu ya macho, vidole vikivimba juu ya utepe wa kupimia, na hakuna mahali ambapo ungeweza kuweka kidole ukasema hapa si yeye tena.

"Hapa anasema nini?" daktari akauliza. Hakujua Kifaransa.

Fidèle akajikohoza. Akaanza kutafsiri, kwa Kiingereza chake, mbele yangu, mizaha yake ya maiti. Huyu anaulizia jeneza la watu wawili, mkewe bado hajaambiwa. Huyu anaomba dirisha, anaogopa giza. Pale kwenye pazia daktari alicheka kwa sauti, halafu akaziba mdomo, uso ukawa mwekundu.

"Cheka tu, daktari," nikamwambia. "Imechorwa kwa ajili hiyo."

Tukafika kwenye mmoja ambao sikuwa nimeukumbuka. Madame Sapin amesimama mbele ya kioo, anajipima mwenyewe. Kwenye kila kijichumba cha katuni utepe unakuwa mfupi zaidi, mpaka wa mwisho haumzunguki. Fidèle akasoma bila kuinua macho. "Anasema: mteja mbaya kabisa. Kila nikimrudilia kupima, mbao haitoshi."

Hakuna aliyecheka. Daktari akatembea kwa magoti kurudi upande wa mlango, akaweka kalamu juu ya mchoro mmoja. "Hapa," akasema. "Hapa umeshaanza." Ulikuwa mchoro wa zamani kabisa. Jo wakati huo alikuwa darasa la kwanza.

Alikuwa akitafuta mwanzo wa ugonjwa. Mimi nilikuwa naona kitu kingine: kwamba mtu mmoja alikuwa amenitazama kila wiki kwa miaka yote hiyo, kwa makini, wakati mimi mwenyewe nilikuwa nikipita mbele ya kioo bila kugeuka.

Upasuaji ulipangwa mwishoni mwa majira ya baridi. Kabla yake nikapewa sindano, kila mwezi moja, nene, ya nyonga. Nesi aliyenichoma alikuwa na tabia ya kuishika ile sindano kwapani mwake kwanza ili dawa isiingie ikiwa ya baridi. Nakwambia hilo kwa sababu siku nyingine ndilo jambo jema pekee lililonitokea, na lilinitosha.

Nyumbani Fidèle aliacha kuchora. Meza ya jikoni ikawa meza ya kulia tu. Watu wa kanisa wakaja, wakakaa kwenye kochi wamevaa makoti, wakaongea kwa kunong'ona. Mmoja alinishika mkono, akaniuliza kwa siri kama kuna mtu kazini aliyenionea wivu, kwa kuwa sura haiondoki hivihivi, lazima imeenda kwa mwingine. Nilicheka, lakini kwa siku nyingi nilikuwa nikiwatazama wanawake kwenye treni, nikimtafuta aliyevaa sura yangu.

Jioni moja tukila, Jo akaweka uma chini. "Humu ndani," akasema, na safari hii alisema kwa Kiswahili, "ni kama mtu amekufa, na hakuna anayesema ni nani."

Alipoenda chumbani kwake nilimwambia Fidèle, "Rudi kuchora."

"Hapana."

"Watu wanauliza Madame Sapin yuko wapi."

"Salome, hapana." Alikuwa anaosha vyombo, mgongo kwangu. "Nilichora meno, meno ikaachana. Nilichora vidole, vidole ikavimba. Kila kitu nilichora, ilikuya kweli. Sasa fikiri nilichora nini mwisho."

Sikuhitaji kufikiri. Jeneza wazi, mdomo wazi, hakuna maneno.

"Uliona tu," nikamwambia. "Macho yako yaliona kabla yako."

"Njo vile unasema." Akafunga bomba la maji. "Na kama haiko vile?"

Ningependa kukwambia nilikuwa na imani, lakini ukweli ni kwamba na mimi nilikuwa nimeufikiria ule mchoro, na nilikuwa nimeshahesabu kwamba baada yake hakuna mwingine.

Siku ya upasuaji tulifika hospitali kunapambazuka, theluji imeganda kando ya njia. Jo tulimwacha kwa jirani. Nikabadilishwa nguo, nikavalishwa soksi za kubana ambazo hazikupanda kwenye miguu yangu mpaka walipoleta za mwanamume, nikalazwa kwenye kitanda cha magurudumu nyuma ya pazia, tukaambiwa tusubiri. Fidèle alikaa kando yangu, upande ambao sikuweza kumwona. Nilikuwa nikisikia tu pumzi zake.

"Katuni ya picha moja si katuni," nikamwambia. "Wewe mwenyewe ulinifundisha. Lazima kuwe na inayofuata."

"Chérie, waache wakufanyie kazi yao."

"Umemwacha mule jenezani tangu majani yaanguke. Mtoe."

Halafu nikasikia akipekua koti. Alikuwa na kalamu. Fidèle hakosi kalamu. Karatasi hakuwa nayo. Akachukua mfuko ambao alikuwa amenunulia mkate wake wa asubuhi, akaupasua ubavuni, akaukunjua juu ya goti. Nikasikia wino ukikwaruza. Nilikuwa sijaisikia sauti hiyo kwa muda mrefu, na mwili wangu wote ulilegea, hata ile mashine ya mapigo ya moyo ikapunguza kasi.

Akanishikia mfuko mbele ya uso, katikati, pale ambapo bado nilikuwa naona. Waombolezaji wanne wamelikalia jeneza, wanajaribu kulifunga. Halifungiki. Taya limetokea upande huu, miguu imetokea upande ule, na mchungaji ameshaanza kufunga Biblia yake aende nyumbani. Madame Sapin amefumbua jicho moja. "Nani alipima hili?" anauliza. "Kazi mbovu."

Nilicheka mpaka nesi akafungua pazia kuona kuna nini. Fidèle alikuwa anacheka pia, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu. Wakanisukuma nikiwa bado nacheka. Daktari wa usingizi aliniambia nihesabu kurudi nyuma. Sikumbuki nilifika ngapi.

Nilipoamka niliona mlango. Na dirisha. Vyote kwa wakati mmoja, mlango kushoto, dirisha kulia, na Fidèle katikati amelala kwenye kiti, shingo imepinda. Nilikuwa siwezi kupumua kwa pua, kichwa kilikuwa kizito, na kiu ilikuwa ya ajabu. Walikuwa wananipimia maji ninayokunywa na yanayotoka. Sikumwamsha. Nilikuwa nikigeuza macho tu, mlango, dirisha, mlango, dirisha.

Ndani ya siku chache uvimbe wa ngozi ukaanza kushuka. Hilo hakuna aliyeniandaa nalo. Mikono ililegea, ikakunjamana kama nguo ya mtu mwingine. Jo alikuja, akaushika mkono wangu, akaubonyeza hapa na pale. "Umelainika," akasema. Kisha akatoa rangi ya kucha kwenye begi, akazipaka zote kumi, ulimi umemtoka kwa umakini, na hakulalamika kwamba kucha ni kubwa.

Ila mifupa hairudi. Usikubali mtu akudanganye. Taya langu ni hili, paji langu ni hili, sauti ni hii. Na kipande kidogo kimebaki mahali ambapo mpasuaji hakuthubutu kugusa, kwa hiyo sindano inaendelea kila mwezi, na kila mwaka narudi kwenye lile bomba ili waone kama kimelala. Hadi sasa kimelala. Nimejifunza kuishi na mpangaji huyo. Siku nyingine nasahau kama yupo, na siku nyingine nikipiga chafya namfikiria.

Kama uko mwanzoni, nenda na mtu wa kukaa upande usiouona. Waambie watoto mapema, wanajua tayari. Na ukiwa na mtu nyumbani anayefanya mzaha na kifo, usimnyamazishe haraka. Huenda hana mahali pengine pa kuweka mikono.

Miti ilipochipua niliwasha kamera nikamwonyesha mama. Picha ilikuwa ikikatika, mtandao mbovu, na alinitazama tu mpaka simu ikakatika yenyewe. Siku ya pili alituma ujumbe kupitia kwa kaka yangu: anakuja.

Alifika mwishoni mwa kiangazi. Tulikuwa tumesimama uwanja wa ndege wa Dulles, kwenye mlango wa wanaowasili, mimi, Fidèle na Jo. Nikamwona akitoka anasukuma kitoroli, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, koti la baridi mkononi kwenye joto lote lile. Akanitazama usoni. Akanipita. Alitembea hatua kadhaa, kisha akasimama, ametupa mgongo, hakugeuka kwa muda ambao watu walianza kumzunguka na mizigo yao.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Alipoisikia sauti mabega yake yalishtuka. Akageuka, rangi imemtoka. Hakuitikia. Jo alimkimbilia akamshika mkono akamwita bibi, Fidèle akachukua kitoroli, tukaenda kwenye gari.

Mama alikaa nyuma na mimi. Njia nzima hakutazama nje, si miti, si barabara pana, si magari. Alikuwa ananitazama mimi. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo sana. Sura yake naijua kwa picha moja tu iliyofifia, amevaa kofia. Sikuwa nimemfikiria kabisa. Lakini mama aliinua mkono, akalishika taya langu, akaligeuza upande huu na upande ule, na macho yake hayakuwa yakimtazama mtoto.

"Na wewe," akasema, kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwangu, ya chini, ya mwanamke aliyemngoja mumewe na chakula mpaka kikapoa, "muda wote huu ulikuwa wapi?"

Fidèle akatutazama kwenye kioo cha gari. Jo akatoa vile vya kusikilizia masikioni. Ningeweza kusema mama, ni mimi. Lakini mkono wake ulikuwa bado kwenye taya, unangoja, na sauti niliyokuwa nayo ilikuwa hii hii.

"Kulikuwa na foleni," nikamjibu.

Kisha akaangusha paji lake begani kwangu, akaanza kutetemeka, na kwa maili kadhaa hakuna hata mmoja ndani ya gari lile aliyejua kama anacheka au analia, mpaka tuliposikia kicheko chenyewe, chembamba, kinamtoka kwa kukwama. Alicheka hadi akashika mbavu. Akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akaifunga vizuri kichwani, akanitazama tena, mimi sasa.

"Marahaba, mwanangu," akasema.